Mdomo wa Kuazima

Nilipokuwa mtoto, kila nilipomaliza kumsemea mama yangu mdogo mbele za watu, bibi aliniita jikoni, akaniambia nifungue mdomo, akanitia chumvi ulimini. Ilikuwa chumvi ya Uvinza, ya punje nene, aliyoiweka kwenye kopo la maziwa juu ya kichanja, mbali na ile ya kupikia. Nilikunja uso nikameza. Siku nyingine nililambishwa mara tatu au nne kabla ya adhuhuri, maana mama mdogo alikuwa mtu wa shughuli nyingi na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Bibi aliamini kwamba mtu amepewa mdomo mmoja tu. Anayemwazima bubu mdomo wake, kila neno linapotoka huondoka na kipande kidogo cha ulimi, na chumvi ndiyo hukirudisha. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa zito zaidi, na alinikumbusha akiwa amenishika kidevu.

"Weye Tatu, ukimsemea bubu, sema alichosema. Ukiongeza lako, ulimi unafungwa. Ukipunguza lake, unafungwa vilevile."

Alikuwa na mfano, kama bibi wote. Kule ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo walikotoka wazazi wake, palikuwa na mwanamke aliyemsemea kaka yake bubu katika kesi ya shamba, akageuza maneno ili shamba libaki kwake. Alilala mzima, akaamka hana sauti. Aliishi hivyo mpaka kufa, akiomba maji kwa kugonga kikombe.

Nilipofundishwa ukalimani wa lugha ya alama nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, mwalimu alisimama akaandika ubaoni kanuni ya kwanza ya kazi: usiongeze, usipunguze. Wenzangu waliinamia madaftari wakaandika. Mimi niliweka kalamu chini, na mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Mama mdogo aliitwa Faida. Alikuwa mdogo wake mama, anayemfuata ziwa. Homa kali ilimpata akiwa bado hajajua kusema vizuri, ikaondoka na masikio yake, na yale maneno machache aliyokuwa ameyapata yakapotea moja moja. Sisi wote tulimwita bubu, tena bila ubaya, kama unavyomwita mtu mrefu. Leo mtu akilitumia neno hilo mbele yangu namsahihisha, kisha nakumbuka nililitumia miaka mingapi, napunguza ukali.

Tulikuwa tukiishi Ujiji, nyumba ya udongo yenye baraza, si mbali na ufukwe. Mama mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani, na nadhani ndipo nilipoanza kuiangalia mikono yake kabla sijajua kusema kwa mdomo. Hakuna aliyetufundisha. Kuvuta ndewe za masikio mawili ilikuwa bibi, kwa sababu ya pete zake nzito. Kuzungusha mkono kichwani ilikuwa sheikh. Mimi nilikuwa kidole kinachogusa pengo la meno, na hata meno yalipoota jina halikubadilika. Tulikuwa na jana na kesho, tulikuwa na kama na labda, tulikuwa na masengenyo. Mama alijua mikono ya jikoni tu: njoo, kula, kuni. Bibi hakutaka kabisa kuitumia mikono, alimpigia binti yake kelele, kana kwamba masikio yale yalikuwa yamelala tu.

Kazi ya mama mdogo ilikuwa dagaa. Asubuhi mitumbwi ikirudi kutoka kwenye uvuvi wa usiku wa taa za karabai, wanawake huwa wamekwisha jipanga majini wakiwa na masufuria, na kila mmoja anamjua mvuvi wake. Yeye hakuwa na wake, alikuwa na mimi. Nilisimama maji magotini nikipaza sauti juu ya sauti za wakubwa, nikitazama mikono yake kwa jicho moja na mdomo wa mvuvi kwa jicho jingine. Akishanunua, aliwaanika mchangani kwa mkono mwepesi, karibu mmoja mmoja, na kuwageuza kabla jua halijawakaza upande mmoja. Dagaa wake hawakuwa na mchanga wala hawakukatika vichwa. Hata watu wa Simbo waliwaulizia.

Kutoka ufukweni nilikimbia shule. Kutoka shule nilikuta ananisubiri barazani, ana jambo dukani, ana jambo kwa jirani, au kuna msiba na anataka kujua marehemu aliumwa nini. Wenzangu walicheza rede uwanjani mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa hodari wa kukwepa mpira, na mara nyingi niliitwa nikiwa nimebaki peke yangu katikati, chupa imekaribia kujaa mchanga. Waliniita Redio. "Redio, unaitwa ukatangaze!" Nilicheka nao, maana ukikasirika jina linaganda. Lakini nilichoka. Sijui kama mtu mzima anaweza kuamini kwamba mtoto wa miaka kumi anaweza kuchoka hivyo, si miguu, bali mahali fulani nyuma ya macho, panapogeuza maneno. Nakujua kuchoka huko vizuri, ninako mpaka leo.

Kisha kikaja kisomo. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya sabini, serikali imesema kila mtu mzima lazima ajue kusoma na kuandika, na hata waliokuwa wakijificha wakati wa kodi walijitokeza. Darasa la mtaa wetu lilikuwa katika ofisi ya tawi la chama, saa kumi alasiri, siku tatu kwa wiki. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, mpole, mwenye shati moja la kufundishia. Mama alijiandikisha siku ya kwanza. Siku ya pili mama mdogo akamfuata, akaketi benchi la mbele, akachukua chaki mkononi mwa mwalimu na kuitazama.

Mwalimu alimwangalia mama, mama akaniangalia mimi. Ndivyo nilivyoanza kusoma kisomo, mimi niliyekuwa darasa la nne.

Ilikuwa kazi ngumu. Darasa zima liliimba ba, be, bi, bo, bu, na mama mdogo akanigeukia kuniuliza wanasema nini. Nimwambie nini? Ba ni nini kwa mtu ambaye hajawahi kuisikia? Nilimwonyesha midomo inavyofunguka, akaona ba na ma ni kitu kimoja, akaniona mimi mwongo. Kwa wiki kadhaa alinakili tu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote, mwalimu aliuinua darasa lione, lakini hakujua ameandika nini.

Siku moja tukiwa ufukweni, nilichoka kueleza, nikachukua kijiti nikaandika DAGAA mchangani pembeni ya dagaa wake. Sikuwa na mpango wowote. Aliliangalia neno, akawaangalia dagaa, akaniangalia. Akachukua kijiti akaandika lile neno tena, chini ya langu, kisha akaandika kwenye mchanga mtupu, mahali ambapo hapakuwa na samaki hata mmoja, akanionyesha kwa mikono: hawapo, lakini wapo. Nimefundisha watoto viziwi zaidi ya miaka thelathini na bado naisubiri ile sura kila mwaka. Huja kwa baadhi yao, na nikiiona huwa nafurahi mpaka natia aibu.

Basi akawa hakamatiki. Maji vipi? Jua? Mlango? Aliandika kwa mkaa kwenye nguzo za nyumba mpaka bibi akalalamika kwamba tunaishi ndani ya kitabu. Alianza kuuliza maneno ambayo hayana kitu cha kuonyesha: leo, bado, bei. Aliniambia kwa mikono kwamba kitabu kikiisha na mtihani ukiisha, atawaandikia wavuvi wenyewe, atawaandikia wa dukani, na mimi nitacheza rede mpaka chupa ijae. Alilisema hilo mara nyingi. Alikuwa ameona, kumbe, kwamba nimechoka.

Lakini kitabu kilikuwa bado nusu, na kila neno jipya lilipitia kwangu. Siku za kisomo sikuwa na mchezo kabisa, na siku zisizo za kisomo tulirudia ya kisomo.

Ndipo likaja jambo la Bwana Sadi. Alikuwa mvuvi wa Mwamgongo, kule juu ng'ambo ya Gombe, mtu wa makamo aliyefiwa na mke. Alikuwa akishusha dagaa Ujiji, akamwona mama mdogo anavyoanika. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alimtuma mzee mmoja na barua ya posa, na nyumbani kwetu watu walilia kwa furaha. Nani alitegemea Faida ataposwa? Babu alikwisha kufariki, kwa hiyo walii alikuwa mjomba, kaka yao mkubwa, na mjomba alikubali kabla chai haijapoa. Ilibaki kumuuliza mwenyewe, na hilo kwetu ni jepesi: mwali akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ndiyo kukubali kwake. Mara nyingi hulia kidogo, akainamisha uso, basi, wazee wanasoma fatiha.

Alhamisi alasiri akaja sheikh wa mtaa na mashahidi wawili. Mama mdogo aliketi mkekani katikati ya wanawake, kanga mpya kichwani. Mjomba alimwuliza kwa sauti ya heshima kama ameridhika kuolewa na Sadi. Akanyamaza.

"Amenyamaza," mjomba alisema. "Tusome."

Sheikh hakuinua mikono. Alikuwa mzee mwenye kujali mambo madogo, na watu walimchoka kwa hilo. "Bwana we, huyu ananyamaza tangu mtoto. Kunyamaza kwake kwa leo kutatuambia nini? Yuko wapi anayesema naye?"

Nilikuwa nje. Ilikuwa siku ya kisomo, lakini kwa ajili ya ugeni kisomo tulikikosa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa katikati ya uwanja, nakwepa mpira, na chupa ilikuwa imefika shingoni. Bibi akaniita. Niliingia na vumbi miguuni, nikaketi mbele ya mama mdogo, nikamwambia kwa mikono: mvuvi wa Mwamgongo, yule wa kofia, anataka kukuoa. Unataka?

Alijibu taratibu, akihakikisha naona. Mtu yule mzuri, alisema. Lakini sasa sitaki. Kitabu bado. Kitabu kikiisha, aje, nitakubali. Mwambie asubiri.

Ilikuwa wazi. Sijawahi, katika kazi yangu yote, kupata jibu lililo wazi kuliko lile. Chumba kizima kilikuwa kinanitazama mimi. Nilisikia nje wakinihesabia, kwamba nisiporudi nimetoka. Nikaona maneno yote yaliyobaki katika kile kitabu, moja baada ya jingine, na mimi niko kwenye lile benchi. Nikaona asubuhi zote za maji magotini. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenikonyeza. Watu hupenda nikisema kwamba wakubwa walinitisha, lakini hapana, nilikuwa nimechoka, na alikuwa anaondoka, na neno lilikuwa moja tu.

"Amekubali," nilisema.

Mama mdogo alikuwa akiutazama mdomo wangu. Kisha akatazama nyuso zilizonizunguka, zilivyofunguka zote kwa pamoja, mama akijifuta macho. Akanirudia mimi, akanitazama kwa muda, halafu akaiingiza mikono yake yote miwili chini ya kanga. Haikutoka tena. Wanawake wakasema, mtazameni, mwali ameona haya. Vigelegele vikapigwa.

Bibi aliniita jikoni, akanitia chumvi, akanikumbatia. Niliimeza ile chumvi. Uwanjani walikuwa wameshaanza mchezo mwingine.

Ndoa ilifungwa Jumamosi, na Jumapili wakampandisha mtumbwi wa mashine pamoja na masanduku yake kwenda Mwamgongo. Siku zote tatu hakunisemesha. Wakati wa kuaga aliniwekea mkono kichwani kama anavyowekewa mtoto yeyote, akapita. Daftari lake la kisomo aliliacha juu ya mkeka wangu.

Jumatatu niliamka sina sauti.

Nilifungua mdomo kumwitikia mama, ikatoka pumzi. Nilijaribu tena. Mama alicheka akidhani namtania. Bibi hakucheka. Alikuja, akanishika kidevu kama kawaida yake, akaniangalia ndani ya macho.

"Uliongeza neno?"

Nilitikisa kichwa kukana.

"Ulipunguza?"

Nilitikisa kichwa, na machozi yakanitoka, na bibi akayachukulia kuwa ya ugonjwa.

Walinifanyia kila kitu. Chumvi nililambishwa mpaka midomo ikapasuka. Sheikh aliandika kombe, nikalinywa. Zahanati waliniangalia koo kwa tochi, wakasema jekundu kidogo, wakanichoma penisilini. Huenda ni kweli lilikuwa koo tu, ule ulikuwa msimu wa upepo wa vumbi na watoto wengi walikuwa wakikohoa. Nimezungumza na daktari mmoja miaka ya karibuni, akasema mtoto akibanwa na jambo kubwa sauti inaweza kukimbia, hutokea. Nilimshukuru. Sina ugomvi na maelezo yake wala ya bibi, yote mawili yananihusu.

Kilichonitesa si kukosa sauti. Ni kwamba nilianza kusema kwa mikono, kama nilivyozoea tangu mgongoni, na nyumba nzima hakuna aliyenielewa. Nilipotaka maji nilieleza, wakaniletea mto. Nikaishia kugonga kikombe, na bibi aliposikia ule mlio aligeuza uso ukutani, akaanza kusoma dua. Wenzangu walikuja kunitazama mlangoni, hakuna aliyethubutu kuniita Redio. Mtu mmoja tu chini ya jua angeielewa mikono yangu, na nilikuwa nimempeleka Mwamgongo.

Siku ya tano nilijaribu kukiri. Mama alikuwa anachambua mchele. Nilikaa mbele yake nikamwambia yote, pole pole, mvuvi, kitabu, bado, mdomo wangu, uongo. Mama alifuatilia mikono yangu kwa huruma, akaniuliza, "Tumbo?" Nikalia. Kisha nikakumbuka kwamba najua kuandika.

Nilichukua daftari la mama mdogo, nikaandika kwa herufi kubwa kama za kisomo: MAMA MDOGO ALISEMA SITAKI. ALITAKA KUMALIZA KITABU. MIMI NILISEMA UONGO. Nikampa.

Mama aliweka ungo chini. Alipangusa vidole kwenye kanga, akashika daftari kwa mikono miwili, akaanza. Kidole kilitembea chini ya herufi. Midomo ilifanya kazi bila sauti: ma, ma, m, do, go. Mimi nilikuwa nimelelewa na mtu anayeishi kwa kutazama midomo ya watu, kwa hiyo nilimwona akisoma kila silabi, akirudi nyuma pale kwenye SITAKI, akilipita, akifika kumaliza, akifika uongo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma kitu kisichokuwa ubaoni wala kitabuni, na nilimwona akikielewa. Nililiona lile neno la mwisho likimfika. Kidole kilibaki pale.

Kisha akalifunga daftari.

"Bado hatujafika hapo," alisema. "Mwalimu hajatufundisha maneno hayo."

Akachukua ungo, akaendelea na mchele.

Kesho yake sauti ilirudi, ya kukwaruza, na neno la kwanza nililosema lilikuwa uji. Bibi alimwambia kila aliyepita barazani kwamba ni chumvi. Mama aliniletea uji wenyewe akanipulizia, mimi niliyekuwa mkubwa wa kupuliza mwenyewe, na hakuna kati yetu aliyelitaja daftari, siku hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka nilipomzika. Mtihani wa kisomo aliupasi. Cheti chake kilitundikwa sebuleni, na wageni walikisifia.

Zamani nilimhukumu mama kwa lile. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, na ninajua alichokiona kwenye karatasi: mdogo wake amekwisha lala kwa mumewe, mjomba amekwisha mwoza mbele ya sheikh, na binti yake wa miaka kumi ndiye wa kutupiwa mawe. Maji yakishamwagika hayazoleki. Alichagua mtoto wake. Ningeweza kufanya hivyohivyo, na hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Mama mdogo alizaa watoto wanne, wote wanasikia. Bwana Sadi alimheshimu, na dagaa wake wakajulikana Mwamgongo kama walivyojulikana Ujiji. Lakini kule kisomo kilifundishwa kwa kuimba, na hakukuwa na mtu wa kumwandikia kitu mchangani. Yale maneno yake machache aliyabeba miaka yote kama yalivyokuwa. Alipokuja Ujiji kwenye misiba tulizungumza kwa mikono juu ya watoto, juu ya ziwa lilivyokula ufukwe, juu ya nani amezeeka. Alikuwa mchangamfu nami. Tulizungumza vyote, ila lile moja.

Mimi nilisoma ualimu, nikaenda kwa viziwi. Watu wanadhani ni wito. Nimekuwa mkalimani wodini, mahakamani, kwenye mikutano ya hadhara, kwenye posa pia. Katikati ya kazi husimama, namgeukia kiziwi na kumwambia nimesema hivi na hivi, ndivyo ulivyosema? Madaktari hutazama saa. Hakimu mmoja aliniambia ninaichelewesha mahakama, na ni kweli naichelewesha.

Nilikwenda Mwamgongo baada ya arobaini ya Bwana Sadi. Nilimkuta mama mdogo uani, amekaa kwenye gunia, anachambua dagaa kwa vidole, maana macho yake yalikuwa yameshapata ukungu na ilibidi nikae karibu sana, juani, ili aione mikono yangu. Tulikaa magoti kwa magoti. Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwenye boti, lakini ilitoka vibaya, nikarudia mara mbili. Siku ile ulisema kitabu bado. Mimi nilisema umekubali.

"Najua," alijibu. "Niliuona mdomo wako."

Nilimwambia nitamletea vitabu, nitakaa naye likizo nzima, tutamaliza. Alitabasamu, akagusa kope zake, akapangusa hewa kwa kiganja: yamekwisha.

Nilikasirika, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuwa amekasirika yeye. Nikamwuliza mbona hakukataa. Angelia, angevua ile kanga akaitupa, angegoma kupanda mtumbwi. Siku tatu nzima. Wangejua tu.

Aliacha dagaa. Aliisogeza mikono yake mbele ya uso wangu, polepole, kama alivyofanya Alhamisi ile, kuhakikisha naona.

"Wangejua kuna kitu," alisema. "Halafu wangekuita wewe, uwaambie ni nini."

Akarudi kwenye kazi yake. Nilimsaidia kuchambua mpaka boti ya kurudi ilipopiga honi. Nimewasemea watu wengi, na wengi wamenishukuru, wengine wamelia wakinishika mikono hii. Napokea shukrani zao na kwenda nyumbani nimechoka. Aliyenifundisha kusema nilimwacha bila mtu wa kumsemea, na alilijua hilo siku tatu kabla ya kupanda mtumbwi, akaniwekea mkono kichwani, akaondoka.